Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mafundi wa Vifaa Tiba Unguja na Pemba

Ndugu wanachama, assalaamu alaykum.

Vikao vya robo mwaka, ziara ya Wete na mafunzo ya ultrasaundi vimefanyika na mihtasari mnayo. Nieleze lililoleta maneno: fungu la semina ya Chake Chake kununuliwa darubini 1 ya kukagulia faiba (nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga), kalamu za kusafishia 12 (6 za feruli, yaani ncha ya konekta ya faiba, ya milimita 2.5 na 6 za milimita 1.25), paketi 20 za vitambaa visivyoacha nyuzi na chupa 6 za alkoholi ya isopropili ya asilimia 99.

Imesemwa tumenunua kalamu kwa bei ya mbuzi. Pendekezo lilikuwa langu, Kamati ikalipitisha, na bado nalisimamia. Mashine nyingi za MRI, zinazopiga picha za mwili kwa sumaku, hutoa data kutoka chumba cha sumaku kwa faiba, kwa kuwa waya wa shaba ungeingiza kelele za redio kwenye picha. Kiini cha faiba ya modi moja, yaani sehemu ya kati inayopita mwanga, ni mikroni 9 (mikroni ni elfu moja ya milimita). Unywele ni kama mikroni 70. Chembe isiyoonekana kwa jicho inatosha kukiziba kiini hicho. Skani inakatika katikati, fundi anashuku kadi ya elektroniki ya mashine, kadi inaagizwa ng'ambo, mgonjwa anarudishwa nyumbani, kumbe ni alama ya kidole.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na naomba usibishaniwe tena: kagua, safisha, kagua tena, ndipo uunganishe. Kwanza zima chanzo cha mwanga na uhakikishe kwa kipima mwanga, kwani leza ya nanomita 1310 haionekani na inaweza kuumiza jicho. Anza kwa kusafisha kukavu: sukuma kalamu mpaka ilie. Doa likibaki, lowesha pembe ya kitambaa, vuta feruli kutoka palipolowa hadi pakavu mara moja, bila kurudi nyuma. Safisha na upande wa ndani ya adapta, yaani tundu linalounganisha konekta mbili, ambao ndio unaosahauliwa. Konekta safi ikikutana na chafu zote huwa chafu, na chembe ikibanwa baina yao hukwaruza kioo. Mkwaruzo hausafishiki, konekta hubadilishwa.

Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 tumeikataza kwa sababu ina maji na huacha ukungu, hasa unyevu wa masika unapozidi. Hewa ya kopo, ile ya kupulizia vumbi, nayo husukuma vumbi ndani zaidi. Hata waya mpya ukaguliwe, maana kifuniko chake cha plastiki huacha mabaki ya kiwandani. Kwenye CT, mashine ya picha za eksirei, ondoeni kwanza unga wa kaboni wa brashi za gantri (pete inayozunguka mgonjwa) kwa mashine ya kufyonza vumbi, umeme ukiwa umefungwa kwa kufuli, kabla hamjagusa kifuniko cha faiba. Konekta ya kijani, iliyokatwa kwa pembe ya digrii 8, isiunganishwe na ya buluu.

Wenzetu wa Pemba wanalalamika kuwa darubini imebaki Unguja. Wana haki. Nimeagiza nusu ya kalamu zivuke kwao, na darubini itakwenda kwa zamu. Ya pili tutanunua fedha zikipatikana, na hapo ndipo penye uchungu: waliolipa ada hawafiki nusu yetu. Kikao cha Agosti tulikaa saa mbili tukisubiri akidi, haikupatikana. Nimepitia daftari la mweka hazina mwenyewe, na majina kadhaa ya wanaodai semina kwa sauti kubwa sikuyaona humo.

Mwakani, inshaallah, tunatarajia mafunzo ya vitendo Pemba baada ya masika, na pengine mwongozo mfupi wa Kiswahili wa kubandika ukutani.

Kalamu moja husafisha zaidi ya mara 500. Kila anayeitumia aandike idadi katika kitabu cha vifaa, aifunike, na airudishe siku hiyo hiyo.