Mjomba, huyu mpima ardhi alikaa miezi mitatu tu wakampa sanamu

Shikamoo mjomba. Najua meseji ndefu huzipendi ila hii ya leo nakuandikia barua kabisa, tena naiweka wazi na wengine wasome, maana inahusu kazi yako.

Juzi niko Public Square hapa Cleveland, Ohio, nasubiri basi, baridi usiseme, ndo nikaiangalia vizuri sanamu moja ambayo kila siku napita naichukulia kama nguzo ya umeme. Jamaa kasimama juu ya jiwe, ana fimbo ya kupimia ardhi. Nikakuona wewe!

Anaitwa Moses Cleaveland. Kwenye vita vya Wamarekani kujitoa kwa Mwingereza alikuwa kapteni wa kikosi cha kuchimba mahandaki, baadaye akawa wakili kwao Canterbury, Connecticut, halafu akaingia kwenye kampuni ya ardhi iliyonunua mapori ya huku, karibu ekari milioni 3, kwa dola milioni 1 na laki 2. Sasa sikia fidia waliyopewa Wamohawk na Waseneca, makabila ya asili ya Amerika: pauni 500, ng'ombe wawili na galoni 100 za wiski. Basi! Wewe uliyekuwa unahesabu mnazi mmoja mmoja na mwembe mmoja mmoja mpaka giza linaingia, ungelia.

Moses na vijana wake wa kupima wakafika mdomo wa mto Cuyahoga tarehe 22 Julai 1796, wakakata viwanja, katikati wakaacha uwanja wa wazi, ndo hapohapo ninaposubiria basi. Vijana wa kupima wakagoma, kazi ngumu malipo kiduchu, akawatuliza kwa kuwapa eneo lao na likaitwa Euclid, yule Mgiriki wa jiometri, hapo nilicheka peke yangu watu wakanigeukia. Oktoba bosi kafunga mizigo karudi Connecticut na hakurudi tena mpaka anakufa 1806. Miezi mitatu mjomba! Sanamu wakamsimamishia 1888. Mji wakaupa jina lake, ila hata hilo wamelikata, ile "a" ya kwanza haipo, wenyewe wanasema kuna gazeti liliitoa mwaka 1831 ili jina lienee juu ya ukurasa.

Aliyebaki ni mwingine, Lorenzo Carter, alikuja 1797 na familia, wenzake wakawa wanakimbilia milimani kwa sababu ya malaria (ndio, malaria, Ohio hii hii) yeye kang'ang'ania palepale mtoni. Ungeniuliza mimi sanamu ya pale katikati ningempa Carter.

Lakini nikikufikiria wewe nasita. Na wewe ulikuwa unapiga bikoni, zile alama za zege za mipaka, unaondoka, hukuwahi kulala hata usiku mmoja kwenye vile viwanja, na leo watu wamejenga wana misikiti na shule na bado wakigombana mpaka wanafukua zile zege zako waangalie namba.

Hivi kuna hata kichochoro kimoja walichokiita jina lako, au ulikataa? Picha ya sanamu nakutumia jioni, ina njiwa kichwani usimshangae, kila siku yupo.