Wataalamu wa miamba watuletee ripoti, lawama tunazo za kutosha

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Yaliyoniudhi gazetini niliyameza. Ila ile habari yenu ya wataalamu waliokutana hotelini kujadili utafiti wa miamba na usalama wa migodi imenikaa kooni. Mliandika kwamba wachimbaji wadogo "hawataki kufuata ushauri wa kitaalamu." Aliyesema hivyo mlimpa picha na kichwa cha habari. Hakuna mchimbaji hata mmoja mliyemuuliza ushauri huo uliletwa lini, na nani, na kwa lugha gani.

Mimi ni mtu wa matimba. Kwa wasiojua, ni yule anayepanga magogo kwenye kuta za duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, ili udongo usiwafukie wenzake. Kabla ya hapo nilikuwa kibarua wa idara ya miamba kwenye mgodi mkubwa wa kanda hii ya ziwa, nikiwabebea wahandisi nyundo na utepe mpaka nikajua wanapima nini na kwa nini. Kwa hiyo nisihesabiwe miongoni mwa wabishi.

Huo ushauri niliwahi kuukaribisha mwenyewe. Alikuja kijana wa chuo kikuu kimoja, sikitaji, mpole na mwenye adabu, anaandika tasnifu ya shahada ya uzamili. Mwenye duara alisimamisha kazi asubuhi nzima, na mnajua asubuhi moja ya duara linalotoa mwamba wa dhahabu ina thamani gani. Tukamfunga kamba, tukamshusha. Alipiga picha nyufa, akapima mwelekeo wake kwa dira, akauliza maji yanaingilia wapi na matimba tunayapanga kwa nafasi gani. Nilimjibu yote. Nikamwonyesha mahali udongo mwekundu unapoisha na kuanza ule mweupe, ambao ukilowa unateleza kama sabuni ya mche. Nikamwambia: kijana wangu, hapa ndipo maduara yetu mengi hukatikia, yaani huporomokea. Akaandika. Akaondoka na viroba vya mawe, tuliovibeba hadi barabarani ni sisi, akaahidi kwamba majibu ya maabara yatarudi. Hayakurudi. Masika yaliyofuata duara la jirani likakatika kwenye udongo huohuo mweupe, akafia humo mtu niliyekuwa nakunywa naye chai kila asubuhi. Baadaye sana mpwa wangu akanifungulia kwenye simu tasnifu ya yule kijana. Kiingereza kitupu. Picha ya duara letu imo, na mimi nimo, mgongo tu, nimeshika timba. Mpwa akanitafsiria hitimisho: sehemu ya hatari ni pale udongo mwekundu unapopakana na ule mweupe, ambao wao wanauita mwamba uliooza, hasa wakati wa mvua. Ni maneno yangu, Mhariri! Yamepewa majedwali, yamempatia mtu shahada, na nakala moja haikufika hata kwa mtendaji wa kijiji. Halafu leo nasoma kwamba mimi ndiye sitaki ushauri.

Hao mabwana wa hotelini hupenda sana kuitolea mfano Afrika Kusini. Sawa, basi waisimulie yote. Tarehe 21 Januari 1960 mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook uliporomoka na kuua watu 435, ambao miili yao haikutolewa hadi leo. Nguzo za makaa zilizoachwa chini kubeba paa zilikuwa nyembamba mno kwa mzigo ule. Zilipoanza kuvunjika, kila iliyokufa ilimtupia jirani yake uzito. Wenzetu hawakuishia kwenye rambirambi. Watafiti wawili, Salamon na Munro, walikusanya rekodi za migodi ya makaa ya nchi ile: upana wa nguzo, kimo chake, kina chake. Walipata maeneo 98 yaliyosimama na 27 yaliyoporomoka, na mwaka 1967 wakatoa kanuni ya kukadiria nguvu ya nguzo ambayo wahandisi wanaitumia mpaka sasa. Naomba mtazame hiyo 27. Bila yaliyoporomoka kuandikwa vipimo vyake, kanuni isingepatikana.

Sisi yaliyoporomoka tunayafukia. Mererani, kwenye migodi ya tanzanite, mafuriko yalipoua wachimbaji mwaka 1998 tulisema mvua. Mwaka 2002, palepale, watu 39 walikosa hewa baada ya mashine ya kusukuma hewa kushindwa, tukasema mashine. Mwaka 2008 mafuriko yakaingia tena mashimoni, tukasema mvua tena. Januari 2024 kule Ng'alita, Bariadi, wakafa 22: mvua, na ubishi wa wachimbaji. Mvua inanyesha juu ya maduara yote, Mhariri! Kwa nini hili likatike na la pembeni lisimame? Lilikuwa na kina gani? Matimba yalikuwa ya mti gani, yamekaa umbali gani, na nani aliyakagua mara ya mwisho? Udongo wake ulikuwa upi? Maswali haya ndiyo utafiti wenyewe, na kuyajibu kunataka utepe, daftari na mtu asiyeogopa tope. Badala yake kunakuja msafara wa magari, pole zinatolewa, eneo linafungwa, na kabla ya arobaini ya marehemu watu wamerudi mashimoni hawajui lolote zaidi ya walilojua jana yake. Mnakumbuka Nyangalata, kule Kahama? Mwaka 2015 wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima ilizungumzia mende na vyura waliokula. Nanyi mliandika habari za vyura. Sikusikia mtu akiuliza kwa nini pale walipokaa wale watu mwamba ulishika siku zote 41, ilhali njia ya kutokea ilikuwa imeshafukiwa. Huo mwamba ulioshika ungetufundisha zaidi ya semina zote za hotelini.

Wataalamu wakija wanatuonyesha majedwali ya kupima uimara wa mwamba. Nayajua. Lipo la mhandisi Bieniawski la mwaka 1973, unaupa mwamba alama hadi 100 kwa kuangalia ugumu wake, nyufa na maji. Lipo la Barton na wenzake wa Norway la mwaka 1974. Ni kazi nzuri, sizibezi; nyundo, utepe na jicho vinatosha kwa sehemu kubwa ya lile la kwanza. Lakini Bieniawski alianzia na miamba ya Afrika Kusini, na Barton akaanzia na mahandaki ambayo mengi yako kwao huko kaskazini. Kimojawapo cha vipimo vyao ni kujumlisha urefu wa vipande vya jiwe vya sentimita 10 na zaidi vinavyotoka kwenye bomba la kuchoronga, yaani la kutoboa mwamba. Choronga mita za juu za huku Geita, bomba linatoa uji. Sasa utapima vipande gani? Jedwali la udongo wetu mweupe, la duara jembamba lililoshikwa kwa miti, hatuwezi kuazima Norway. Litatengenezwa na watakaokubali kuandika maduara yetu yaliyokatika, moja baada ya jingine, kama walivyofanya hao wenzetu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye miti, niseme na hili. Sheria inataka duara lisukwe matimba, nami naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila ukinunua mikaratusi ya mtu, aliyoipanda mwenyewe shambani kwake, ukaipakia kwenye fuso, utasimamishwa kwenye kizuizi uonyeshe kibali. Unacho. Basi kinatakiwa kibali kingine. Gari linalala pale, dereva anadai fedha ya usiku, na duara linakaa wazi. Mwenye duara asiye na subira anasema tushuke hivyohivyo, matimba yatakuja kesho. Siku duara likibomoka, atakuja ofisa kuuliza kwa nini hamkuweka matimba. Mimi namjua mtu aliyejibu swali hilo kwa kumwonyesha ofisa stakabadhi ya kizuizini. Alionekana mkorofi.

Si kwamba nchi hii haiwezi kujenga chini ya ardhi. Yale mahandaki ya reli ya SGR kule Kilosa hayakuchimbwa kwa kubahatisha, na abiria wake wanapita wakichezea simu. Hata sisi wadogo tumejengewa vituo vya mfano, kama kile cha Lwamgasa, nashukuru, ila mazungumzo yakianza yanakimbilia kwenye uchenjuaji, yaani kutenganisha dhahabu na jiwe, na dhahabu inayopotea kwenye marudio, ule mchanga unaobaki. Mtu anayepotea kabla jiwe halijafika juu hana kituo.

Pendekezo langu ni dogo. Mwanafunzi yeyote anayechukua mawe kwenye duara la mchimbaji mdogo asivalishwe joho mpaka aandike kurasa nne za Kiswahili, herufi kubwa, zibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye kibanda cha mama ntilie, maana huko ndiko tunakosoma. Kisha arudi kwenye duara lilelile azisome kwa sauti, akiwa chini, si juu kwenye turubai. Msimamizi wake awe pembeni yake, kwa kuwa na yeye alitia sahihi. Fedha ya shughuli hiyo ipo: ni chai na sambusa za mkutano mmoja tu wa hotelini, na itakayobaki inunue daftari gumu la kuandikia maduara yanayokatika wilayani kwetu.

Kamba tunayo na kofia tutawaazima. Profesa akifika ukingoni, akatazama chini, akasema yeye hashuki, hatutamlazimisha. Aseme tu, kwa Kiswahili, ameona nini kinachomtisha, nasi tutaandika. Huo ndio ushauri wa kitaalamu tuliokuwa tunausubiri.

Mtu wa matimba,
Nyarugusu, Geita