Saida, hizo tiketi zenu zitoeni WhatsApp

Shoga angu Saida,

Voisi yako ya dakika 9 kuhusu tiketi, yaani kila tatizo la mteja liandikwe na lifuatiliwe kwa namba yake, nimeisikiliza kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo, kwa hiyo nauli ya kurudi ni deni lako. Nimecheka hapo mteja alivyotuma lile tatizo la risiti kutoka mara mbili kwenye grupu saa nne usiku, mmoja wenu akajibu "sawa tunaliangalia", alafu asubuhi yakashuka maua ya Ijumaa Karimu na pongezi za mtoto wa nani sijui, tatizo likazama huko chini, mteja anakuja kulikumbushia wiki 2 baadae kafura kama andazi. Yaani ni sisi kabisa hao. Sisi tulikuwa na grupu NA Excel, tena mafaili matatu, la mwisho linaitwa "matatizo MAPYA MAPYA kweli".

Sasa umenitumia orodha ya programu za tiketi za chanzo huria (msimbo, ile code yake, upo wazi kwa wote) unataka nikuchagulie. Ngoja kwanza nikwambie nilivyojiaibisha mimi. Nilipopewa hii kazi pale ofisini nikachukua limoja kubwa, jina nalihifadhi maana kosa lilikuwa langu, nikalisukumiza kwenye kiseva chetu cha RAM 2GB wakati wenyewe wameandika wazi kwamba linataka 4, likawa linahema tu, ukibonyeza unaenda kuchemsha chai. Hilo bado si tatizo, seva inaongezwa. Kilichoniangusha ni fomu. Nikakaa wikiendi nzima natengeneza fomu ya kufungua tiketi, moduli, toleo, ukali, kipaumbele, nani kaliona, kaliona lini, vibox 14, najiona mtaalamu. Dada wetu wa kupokea simu za wateja akafungua mara moja, kwenye kila kibox kinachoruhusu maandishi akaandika "haifanyi kazi", akasevu, kesho yake karudi WhatsApp na wote tukamfuata kimya kimya. Kwa hiyo kabla hujaangalia magrafu na madashibodi kaa na yule ambaye hapendi kompyuta hapo kwenu, umuone anafungua tiketi moja kwa simu yake, na ikimchukua zaidi ya dakika moja achana nayo hata kama ina mambo mazuri kiasi gani.

Haya, orodha yako. GitLab na OpenProject ni nzuri lakini kwa watu 6 ni kununua fuso kubebea mkaa wa nyumbani, alafu zote mbili zina toleo la bure na toleo la kulipia na kuna vitu wamevifungia huko kwa wanaolipia, so soma ukurasa wa bei kabla hujasoma ukurasa wa sifa. Bugzilla ipo tangu 1998, Mozilla, wale wa Firefox, ndo walioitengeneza, imekomaa ila mteja wako akiiona atadhani umemfungulia fomu ya TRA. (Unajua jina la Jira, ile programu ya tiketi ya kampuni ya Atlassian, limetokea hapo? Wale jamaa wa Atlassian walikuwa wanatumia Bugzilla wakaitania Gojira, ndo Godzilla kwa Kijapani, wakakata wakabaki na Jira. Basi tu nimekumbuka.) Kanboard nyepesi mno, ubao na kadi basi, inakula hata SQLite (databesi ndogo ya faili moja), ila aliyeitengeneza kasema wazi sa hivi anaitunza tu, mambo makubwa mapya usitegemee. Phabricator ifute leo hii, ilizaliwa ndani ya Facebook, watu wakaipenda, mwaka 2021 kampuni iliyokuwa inaitunza ikasimama, na kwa vile msimbo ulikuwa huria wenye mapenzi nayo wakaunyanyua wakaanzisha Phorge. Linganisha na wale wa Jira Server, ile ya kuweka kwenye seva yako mwenyewe, mauzo ya leseni yalifungwa Februari 2021 na huduma ikakatwa Februari 2024, hapo hakuna wa kuuokota msimbo akaendelea nao.

Unabaki na mbili. Si ulisema msimbo wenu mnautunza kwenye Gitea? Basi mbona tiketi unazo tayari ndani ya nyumba! Kila repo (ghala la msimbo wa mradi mmoja) ina sehemu yake ya tiketi, lebo, tarehe za mwisho, na ubao wa kadi pia, na kijana wako akiandika "fixes #47" kwenye commit yake (maelezo ya badiliko alilofanya), ikiingia tawi kuu la msimbo tiketi 47 inajifunga yenyewe, hakuna kumfukuzia mtu "umeshafunga ile?" Anzeni hapo, mteja aendelee na WhatsApp yake, ila muwe na mtu mmoja tu wa kuhamisha, na akishahamisha anamrudishia mteja namba ya tiketi. Hiyo namba inapoza watu usiamini.

Redmine ichukue siku wateja wakitaka waingie wenyewe, maana kila mradi unaupa watu wake na majukumu yao, wa duka la dawa haoni ya shule, na ukiiseti barua pepe inageuka tiketi. Ipo tangu 2006, sura yake kama ofisi ya serikali ya mtaa lakini haijawahi kunipotezea kitu. Iweke kwa Docker (programu inakuja imefungashwa na vyake vyote), na plagini, zile programu za nyongeza, ziwe chache maana siku ya apdeti ndo zinazokuliza.

Yoyote utakayochukua, wiki ya kwanza jaribu kutoa data zote na kuzirudisha mahali pengine. Mimi bakapu yangu ya kwanza ya Redmine ilikuwa databesi tu, folda ya files nimeisahau, kumbe skrinshoti zote za wateja zinakaa humo. Tiketi zikarudi, picha hamna.

Jumamosi nipo nyumbani, nipigie baada ya saa kumi tuiseti pamoja. Na lile la risiti, angalieni kama kitufe cha kulipa kinakubali kubonyezwa mara mbili mtandao ukiwa mzito, nahisi ni hapo. Iandikeni hiyo iwe tiketi namba 1.

Wako,
Neema (nauli ni 600, sijasahau)