Hedifoni za kwenda na kigeuzi chako

Mjini, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, joto tu la kaskazi ndilo limeshatushika. Nakuombeeni nawe na wanao muwe wazima huko Wete.

Nimeupata ujumbe wako wa sauti na nimefurahi kweli. Kigeuzi umeshanunua, kile kidogo cha kuchomeka kwenye simu kinachogeuza sauti ya kidijitali iende kwenye waya wa hedifoni, na sasa unataka hedifoni zenyewe. Nakuandikia barua kwa sababu jambo hili lina hesabu kidogo, na nataka uwe nayo mkononi ukisimama mbele ya muuzaji.

Umesema unataka za kufungwa, zile ambazo mgongo wa vikombe ni mzima haupitishi sauti. Ndizo zinazokufaa. Unanakili taarab kwa sikio usiku na watoto wamelala chumba hichohicho, na mvua ikipiga juu ya bati hedifoni za wazi hazikusaidii kitu. Tena siku ukimrekodi mwimbaji, za wazi zinamwaga sauti na maikrofoni inaidaka. Ila ujue unachokiacha: fidla zikipiga nyingi pamoja utazisikia zimebanana ndani ya kichwa, hazikai mbalimbali kama ukumbini. Na vikombe huzuia zaidi sauti nyembamba. Muungurumo wa jenereta utapenya tu.

Sasa hesabu. Umenambia kigeuzi chako kinatoa volti 1. Hedifoni nazo zina ukinzani wake, unaandikwa kwa omu. Nguvu unayoipata ni volti mara volti, ugawe kwa omu. Kwa volti 1, hedifoni za omu 32 zinapata miliwati 31. Za omu 250 zinapata miliwati 4 tu. Chukua Beyerdynamic DT 770 Pro za Ujerumani: zinatoka kwa omu 32, 80 na 250, na kwa macho zinakaribiana. Utaambiwa za 250 ndizo za studio, na ni kweli, maana studio kuna amplifaya ya kuzisukuma. Kwako zitasikika, lakini utapandisha sauti karibu na mwisho, na wimbo uliorekodiwa chini hautakutosha. Kwa hiyo ukizitaka hizo, hakikisha boksi linasema 32, au 80 kwa mwisho kabisa.

Omu peke yake haitoshi. Tazama na usikivu, yaani desibeli ngapi zinatoka kwa miliwati moja. DT 770 ya omu 250 ni 96. Audio-Technica ATH-M50x ni 99, na omu zake ni 38. Tofauti ya desibeli 3 inaonekana ndogo, lakini kuifidia kunataka nguvu maradufu. Ukinzani wa kigeuzi chenyewe usikuumize kichwa: unatakiwa usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni, na hivi vidogo vya siku hizi kwa kawaida viko chini sana ya hapo.

Lakini shoga, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu wengi wao ni wanaume: ushungi. Hedifoni za kufungwa zinapata besi yake pale mto unapokaa barabara kuzunguka sikio bila upenyo. Kitambaa kikiingia kati, hata kile chepesi, hewa inavuja na besi inaondoka nayo. Utasema hedifoni mbovu, kumbe ni mkunjo wa mtandio. Miwani nayo inafanya hivyohivyo pale mkono wake unapopita juu ya sikio, na wewe una vyote viwili. Nyumbani usiku hakuna shida, utazivaa kichwa wazi. Ukienda kurekodi mbele za watu, vaa hedifoni kwanza, halafu tupia mtandio mpana juu yake, waya utokee chini ya kidevu. Mimi ndivyo ninavyofanya, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa zijaribu namna hiyohiyo utakavyozivaa, kwa wimbo unaoujua vizuri wenye dumbaki, ile ngoma ndogo. Zibonyeze vikombe kidogo kwa viganja: dumbaki likinenepa ghafla, basi hazijakukaa.

Na joto letu hili! Mito ya ngozi ya bandia inaziba vizuri lakini inalowa jasho, na kwa unyevu wa huku baada ya muda inabanduka vipandevipande. Ile ya kitambaa cha mahameli, kama ya DT 770 za omu 80, ina nafuu kubwa. Zozote utakazochukua, uliza kama mito ya kubadilisha inapatikana. Uliza na waya. Wa M50x unachomoka, ukikatika unanunua mwingine. Wa Sony MDR-7506 umeganda moja kwa moja, na ule wa kujikunjakunja ni mzito kuning'inia kwenye simu.

Hizo Sony hata hivyo nazipenda. Zimekuwepo tangu 1991 na watu wa redio bado wanazivaa. Ni nyepesi, omu 63, zinapiga vizuri hata zikipewa nguvu ndogo, na sauti ya mwimbaji inakuja mbele wazi. Tatizo ni kwamba sauti za juu zinachoma, na DT 770 zinachoma zaidi. Kwa kanuni, ile ala ya nyuzi, utafurahi, kila uzi utausikia. Ila wewe unasikiliza sana santuri za kale, za zama zile Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na mle mna mikwaruzo. Hedifoni zinazonyanyua sauti za juu zitakunyanyulia mikwaruzo kabla ya sauti ya bibi. M50x zimeongezwa besi kidogo, lakini masikio hayachoki upesi. Kwa kazi yako, kwa volti 1, na kwa waya wake, mimi ningechukua hizo M50x. Wala usilipie zaidi kwa ajili ya namba kubwa za biti na kilohezi, vile vipimo vya undani wa sauti ya kidijitali. Santuri hazikubeba undani huo, na kigeuzi hakiwezi kuutunga.

Ukizikuta kwa bei ya ajabu, simama kwanza, bandia zipo nyingi. Waya wa M50x halisi unaingizwa kwenye kikombe kisha unazungushwa mpaka ukajifunga. Ukiingia tu na kutoka, ondoka zako.

Na tafadhali, sauti iwe chini. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki, na wewe unakaa na nyimbo mpaka alfajiri. Faida ya hizi za kufungwa ni kwamba kelele za nje zinapungua, huna haja ya kushindana nazo.

Nijibu kabla ya Ijumaa bei uliyoikuta huko. Ikiwa ni kubwa nitapita Darajani na Mlandege niulize, na dada anakuja Pemba wiki ijayo na boti, atakuletea. Niambie pia miwani yako ni ile ya mkono mnene au umebadilisha.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi shoga yako