Yah: Seva yetu mmeiacha wazi siku 55 halafu mnaniuliza nimebonyeza nini

Kwa Meneja Mkuu,

Salamu. Natumaini mko salama baada ya Sabasaba, maana nasikia mlikuwa na banda na mlikuwa mnagawa kofia.

Nimepokea invoisi yenu ya juzi, sh. 350,000 bila VAT, imeandikwa "huduma ya dharura nje ya mkataba". Nimeisoma, nikanywa maji, nikaisoma tena. Nje ya mkataba upi? Mkataba wa matengenezo mliuandika nyie, kipengele cha apdeti mnakijua kuliko mimi, sitawakumbusha. Naongelea kilichotokea tu, wezi wa mtandaoni kuingia kwenye seva yetu mnayoihudumia, na nitajitahidi kuwa na adabu, nikiteleza mnisamehe.

Wing FTP ni ile programu ya kuhamishia mafaili iliyo kwenye seva yetu. Pachi yake ya kuziba tundu la usalama, toleo 7.4.4, ilitoka tarehe 14 Mei mwaka huu 2025. Waliotengeneza programu walifanya kazi yao, sina ugomvi nao. Kwenye seva yetu hapa Kurasini mpaka mchana wa tarehe 8 Julai ukifungua ile skrini ya admini palikuwa pameandikwa 7.4.3. Hesabuni wenyewe, mi nimepata siku 55. Na katikati hapo mlipata muda wa kututumia kadi ya Iddi njema yenye picha ya mbuzi kavaa miwani, ikaingia emaili za ofisi nzima mpaka ya mlinzi, kwa hiyo msije mkasema anwani zetu mlikuwa hamna.

Sasa Ijumaa tarehe 4 Julai. Simu zenu toka asubuhi zinaita tu, nikaona isiwe tabu, nikachukua bodaboda kuja kwenu. Kilwa Road msimu wa maonesho mnaijua ilivyo, hata bodaboda inakwama. Nimefika saa sita kasoro, vumbi mpaka kwenye kope, mkononi nina logi ya seva, ile kumbukumbu ya nani kaingia na lini, nimeiprinti kurasa nne na nimezipigia mstari wa njano. Dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri, yeye sina neno naye. Akamwita kijana wa sapoti. Kijana kaja na kikombe cha chai, hakukaa, hakuniuliza hata naitwa nani, mbele ya wateja wengine watatu anasema, "Mama, umebonyeza linki gani tena?"

Tena. Kana kwamba kazi yangu kila wiki ni kubonyeza malinki.

Nikamwambia mwanangu sijabonyeza kitu, hii haihitaji mtu abonyeze, soma hapa. Akamgeukia mwenzake, "Watu wa kliaring bwana, kila emaili ya mzigo umefika wanafungua." Yaani sisi tunaotoa mizigo bandarini. Wakacheka. Na baba mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa pale anasubiri risiti naye akacheka. Nikaambiwa niende nikabadilishe paswedi, Jumanne wataangalia.

Naomba niwaeleze kitu ambacho fundi wenu ndiye alitakiwa anieleze mimi. Lile tundu lina namba yake, CVE-2025-47812, na ukali wake limepewa 10 kati ya 10, hamna juu ya hapo. Mshambuliaji anafika kwenye ukurasa wa kuingilia, sehemu ya jina la mtumiaji anaandika jina, anaweka ile herufi tupu, baiti ya sifuri, halafu baada yake anamwaga kodi, yaani maagizo ya kompyuta, kwa lugha ya programu inayoitwa Lua. Programu ikikagua jina inaishia kwenye ile herufi tupu, inaona jina zuri tu, pita. Lakini ikija kuandika faili la seshen, lile linalotunza taarifa za aliyeingia, inaandika vyote, na kodi humo humo, na faili lenyewe ni la Lua, likifunguliwa kodi inakimbia. Ni sawa na mlinzi wa geti la bandari asome jina la dereva tu kwenye karatasi, halafu karatasi nzima aipeleke ndani isomwe kwenye spika kama amri ya bosi. Na kwa kuwa kwenye Windows ile programu ikisimikwa kawaida inakimbia kwa mamlaka ya SYSTEM, ya juu kabisa kwenye mashine, aliyeingia hapo hana wa kumuuliza.

Na jina zuri alilipata wapi? Anonimasi, jina la kuingilia la mtu yeyote asiye na akaunti yake. Ule mlango wa anonimasi mliuacha nyie siku ya kusimika, eti wateja wasipate shida ya kupandisha nyaraka. Mwezi wa tatu niliandika tiketi kuomba ufungwe. Tiketi ikajibiwa "noted". Mpaka leo iko noted.

Mtafiti aliyeligundua alitoa maelezo yote hadharani tarehe 30 Juni. Tarehe 1 Julai, siku moja tu, kampuni ya usalama wa mitandao ya Huntress ya Marekani tayari ilishaona watu wanalitumia. Siku moja! Kwetu walifika usiku wa Jumatano tarehe 2. Alhamisi asubuhi mimi nimewasha mashine nakuta antivairasi imetoa boksi jekundu, na kwenye orodha ya watumiaji wa Windows kuna jina ambalo hamna mtu ofisini analijua, hata bosi tulimuuliza. Wateja wanapiga simu wanataka delivari oda zao, kontena ziko bandarini, storeji inahesabika kila siku kwa dola, na mi nimeshachomoa waya wa intaneti kwenye seva kwa mkono wangu kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Kumbe ndilo lilikuwa la maana, fundi wenu mwenyewe alikuja kulisifia baadaye.

Kuna kijana wa IT ghorofa ya pili, ofisi nyingine kabisa, hatumlipi hata mia, ndiye aliyekuja kunikalisha chini. Akanionesha kwenye logi mstari mmoja wa mtu aliyejaribu kuingia. Alama ya kufungulia jina ipo, ya kufungia haipo. Neno anonimasi halafu mstari umekatika, kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya sentensi. Kisha akafungua folda ya seshen, mafaili yote madogo madogo yanafanana, moja limenenepa. Dakika kumi alizotumia kwa hisani ndizo nilizotaka kwenu kwa pesa yangu.

Ndiyo maana nilikuja na zile karatasi. Na hapa nirudi kwenye ile Ijumaa, kwa sababu kuna kitu sikukisema juu, niliona aibu kuandika, lakini nikiikumbuka ile invoisi aibu inaisha.

Karatasi nilizitandaza kwenye kaunta, ukurasa wa pili juu, nimeweka kidole kwenye ule mstari uliokatika. Namwambia angalia, jina halijafungwa. Yeye anasema mama, umebonyeza linki gani tena, na huku anasema akaweka kikombe chake juu ya karatasi. Juu ya kidole changu kasoro kidogo. Nikavuta mkono. Wakati wanacheka mambo yao ya watu wa kliaring kikombe kiko pale pale, chai inachuruzika pembeni, na nilipotaka kuondoka ilibidi nimuombe, MIMI nimuombe, "samahani baba, naomba karatasi yangu". Akainua kikombe bila kuniangalia, anasoma simu. Nina umri wa kumzaa yule kijana. Nimefanya kazi za bandari toka nyaraka tunabeba kwenye faili la kamba, nimefokewa na madereva wa malori na maofisa wa forodha, lakini hamna aliyewahi kufanya karatasi yangu ya kazi kuwa kisahani.

Nikarudi Kurasini. Jumamosi kimya. Jumatatu tarehe 7 nimeandika emaili, likaja jibu la mashine kwamba ni sikukuu ya Sabasaba, karibuni bandani kwetu mpate punguzo la asilimia 10. Jumanne ndiyo fundi kaja, mwingine, mpole, kazi yake nzuri. Apdeti kaiweka kwa dakika ishirini na kitu. Dakika ishirini!! Yani siku 55 na fedheha yote ile kwa kitu cha dakika ishirini, na ndizo mlizonipigia laki tatu na nusu.

Na msiniambie hamkujua hizi programu za kuhamisha mafaili zinawindwa. Mwaka 2023 MOVEit ilitobolewa na genge la Cl0p, mashirika zaidi ya 2,000 yakaumia, wakiwemo BBC na British Airways kupitia kampuni inayowafanyia mishahara. Mwaka huo huo GoAnywhere, programu ya aina hiyo hiyo, nayo. Wezi wanazipenda kwa sababu ndani kuna mafaili ya kila mtu sehemu moja, hawahangaiki chumba kwa chumba. Mimi si mtu wa IT na nayajua haya. Tarehe 14 mwezi huu CISA, lile shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, wameliweka hili la Wing FTP kwenye orodha ya matundu yanayotumiwa na wezi. Siku ile ile mliyonitumia invoisi, kwa hiyo hongereni kwa kuchagua siku.

Ninachotaka. Invoisi ifutwe. Barua ya kuomba radhi, yenye sahihi, siyo WhatsApp. Ripoti ya maandishi inayosema kilichofanyika usiku ule ni nini na mafaili yapi yaliguswa, kwa sababu mle ndani kuna nakala za pasipoti, TIN na invoisi za wateja wetu, na mpaka leo wakiniuliza najibu "tunafuatilia" kama nyie. Mlango wa anonimasi ufungwe kwenye seva zote mnazozihudumia, siyo yangu tu. Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14.

Ila nikiandika hivi nautazama ule ukurasa wa pili hapa mezani na naona 14 ni nyingi. Nawapa siku 7 kuanzia leo tarehe 16 Julai. Na ada ya matengenezo ya Mei, Juni na Julai irudishwe yote, maana mlikuwa mnatengeneza nini? Na yule kijana aje Kurasini mwenyewe, kwa bodaboda, mchana, aombe radhi mbele ya wafanyakazi wangu kama mimi nilivyochekwa mbele ya wateja wenu.

Zikipita siku 7, sisi kwa upande wetu tunapeleka taarifa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa Sheria ya mwaka 2022, na TZ-CERT, kitengo cha taifa cha matukio ya usalama wa mitandao, pale TCRA, na humo tutaandika nani alikuwa na jukumu la kuweka pachi na lini aliambiwa. Storeji waliyolipa wateja wetu kwa zile siku seva imezimwa tumeshaanza kuijumlisha, risiti zipo, na wakili ameshaiona hesabu. Mkataba hatutauhuisha, hilo hata mkileta kofia.

Mteja wenu,
Msimamizi wa Nyaraka, Kurasini

Nakala: Mkurugenzi wetu, Wakili
Viambatisho: Tiketi ya mwezi wa tatu, logi ya seva kurasa 4, ya pili ndiyo yenye duara la chai