Kabla hujalipia tuisheni ya Kiingereza, lete madaftari ya mwanao

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa pili hivi, wazazi hutujia hapa kituoni kwetu na swali lile lile: "Mwanangu la saba alipata A ya Kiingereza. Mbona huku kidato cha kwanza hawezi kuandika hata aya moja?" Wengine huuliza huku wamemkazia macho mtoto mwenyewe, aliyekaa kimya pembeni.

Mzazi, mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni kazi anayopewa. Mtihani wa darasa la saba, sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua. Sentensi imeshaandikwa, imeachwa nafasi, yeye anachagua kati ya "go", "goes" na "went". Aliyefanya mazoezi ya kutosha anafaulu, na A yake ni halali. Akiingia sekondari ya serikali akitokea shule ya msingi ya Kiswahili, anakuta biolojia na jiografia kwa Kiingereza, na sentensi anatakiwa aitunge mwenyewe tangu neno la kwanza. Kazi hiyo wengi hawajawahi kuifanya kwa Kiingereza.

Ndiyo maana mapitio ya sarufi hapa kwetu hatuyaanzi na jedwali la tensi ubaoni. Jedwali wanalo, tena wengine wamelikariri vizuri kuliko walimu wao. Tunaanza na kile mtoto alichokwisha kuandika.

Na tukiyafungua madaftari, makosa ni yale yale kila mwaka, mengi yakitoka kwa mtoto anayefikiri kwa Kiswahili safi kabisa. "My father he is a driver": ni ile a- ya "baba anaendesha" iliyokataa kubaki nyumbani. "We are born four", kwa sababu tumezaliwa wanne. "Borrow me your pen", kwa sababu kwetu anayetoa na anayepokea wote wanaazima. Mama anaanza habari akiwa "she", akifika mstari wa tatu amekuwa "he". Saa ndiyo usiseme! Mwanafunzi anaandika kwamba anafika shuleni "at one o'clock in the morning", na kwa saa yake hajakosea hata dakika.

Kosa la namna hii halitibiki kwa kuzungushiwa duara jekundu. Mtoto akionyeshwa limetokea wapi, anaanza kulikamata mwenyewe. Tunachagua kosa moja, lile linalojirudia zaidi kwenye daftari lake, tunalifanyia kazi wiki nzima kwa sentensi zake mwenyewe, ndipo tunahamia lingine. Mwenye "did not went" anajifunza kwamba "did" ikishaubeba wakati uliopita, kitenzi kinachofuata kinarudi kwenye umbo lake la kawaida: "did not go". Baada ya hapo anatunga habari za jana yake mpaka mkono uzoee. Kuna wazazi wanaoona tunakwenda polepole mno. Ni kweli, tunakwenda polepole.

Kwenye msamiati tuna ubishi kidogo na vituo vingine. Kumpa mtoto maneno hamsini ya kukariri kwa wiki hatuoni faida yake, kwa sababu hayo hamsini hatakutana nayo popote. Maneno yanayomwangusha ni yale ya kwenye swali lenyewe: "outline", "justify", "differentiate", "account for". Mwanafunzi anaijua osmosisi vizuri, ukimuuliza kwa Kiswahili anakueleza mpaka mwisho, lakini "account for" anaifikiria akaunti ya benki, na alama zinakwenda. Kwa hiyo daftari la msamiati tunalijaza kutoka kwenye mitihani na vitabu vyake vya masomo mengine, kila neno ndani ya sentensi. Akiandika "evaporate" anaandika na "evaporation", aone lipi linafanya kazi ya kitenzi na lipi ya nomino.

Kuandika ndiko kunakochukua muda wetu mwingi. Wa kidato cha nne wanakuja wamekariri barua nzima, kuanzia "The aim of this letter is to" mpaka saini, na barua hiyo hiyo wanaipeleka kwa mjomba na kwa mkuu wa wilaya. Tunawafundisha kuuliza kwanza barua inakwenda kwa nani. Ukianza na "Dear Sir", unafunga na "Yours faithfully". Ukimtaja mtu kwa jina lake la ukoo, unafunga na "Yours sincerely". Hayo ni mepesi. Ugumu uko kwenye muhtasari na insha za vitabu teule, ambako hakuna cha kukariri kitakachosaidia. Hapo anaandika, tunasoma naye, anaandika tena. Simu tunaziweka kando, maana programu inayosahihisha yenyewe humwachia mtoto kazi safi na kosa lake likiwa bado liko kichwani.

Matangazo ya kwenye nguzo za umeme yanayoahidi Kiingereza fasaha kwa mwezi mmoja si yetu. Likizo ya Desemba inatosha kumwandaa mtoto anayesubiri kidato cha kwanza aandike aya inayoeleweka na asome swali bila woga. Mwenye mtihani wa kidato cha pili au cha nne mwezi wa kumi na moja, tungependa aanze mapema mwaka, akichelewa sana awe amefika kabla ya likizo ya Juni. Na mtoto ambaye kusoma kwenyewe bado ni kwa kubabaisha, tutakwambia ukweli kwamba sarufi isubiri. Huyo tunaanza naye kusoma kwa sauti.

Siku ya kwanza hatutozi kitu. Mtoto aje na madaftari mawili ya somo lolote, moja lisiwe la Kiingereza, pamoja na karatasi za mitihani zilizokwisha kusahihishwa, hata zile alizozificha chini ya godoro. Ataandika ukurasa mmoja hapa hapa, bila kusaidiwa, halafu tutakaa wote watatu, wewe, yeye na mwalimu, tuone pa kuanzia. Kitabu kipya cha sarufi usinunue kwanza.