Salamu za Qixi, Baada ya Siku 384

Assalaam alaykum ndugu zangu, na kwenu Wakristo, Bwana Yesu asifiwe. Poleni na mihangaiko.

Kama ilivyo ada, sikukuu ikifika mimi ndiye ninayetwishwa kalamu. Basi kwa niaba ya kina mama wa Guangzhou nawatakia Qixi njema, ile sikukuu ya wapendanao ya Wachina, siku ya saba ya mwezi wao wa saba, nyote mlio huku China, wa Xiaobei, wa Foshan, wa Yiwu, na nyinyi mlio nyumbani mnaosubiri mtu au mnaosubiri mzigo. Mwenyezi Mungu awape heri na fanaka. Wenye ndoa awadumishie, wenye uchumba awafikishe salama, na wasio na mtu awaletee wa kheri nao. Sisi tulio kwenye Mfungo Sita, Maulidi nayo hayako mbali, atufikishe pia.

Mwaka huu wa 2025 Qixi imekawia. Mwaka jana ilikuwa tarehe 10 Agosti, safari hii imeangukia leo Ijumaa, tarehe 29, kwa kuwa kwenye kalenda yao ya mwezi mwandamo mwezi wa sita umekuja mara mbili. Nimekaa na kalenda nikahesabu: siku 384. Siku 384 Zhinü na Niulang, Msichana Mfumaji na Mchunga Ng'ombe wake, wapenzi wa kwenye hadithi wanaokutana usiku wa Qixi tu, wamekaa kila mtu ukingo wake wa Mto wa Mbinguni wakitazamana. Miaka ya nyuma nisingehesabu.

Hali imekuwa ngumu, nani asiyejua. Wakia ya dhahabu ilivuka dola 3,000 mwezi Machi na bei bado iko juu. Wachina wana dhahabu zao tatu za bibi harusi, sisi wa pwani tuna zetu, na kijana wa Kariakoo na kijana wa hapa Guangzhou wanalia kilio kimoja mbele ya kioo cha sonara. Waridi moja hapa chini kwangu lilikuwa yuan 5 wiki iliyopita, leo ni 15, na muuzaji anaomba radhi huku anakufungia. Ndoa zilizosajiliwa China nzima mwaka 2024 zilikuwa milioni 6.1, wakati mwaka uliotangulia zilikuwa milioni 7.68. Tangu tarehe 10 Mei wachumba wanaruhusiwa kuandikisha ndoa popote walipo bila kusafiri hadi kwao, na asubuhi nimewaona kwenye foleni, wameshikana mikono, jasho linawatoka. Niliwaombea kimoyomoyo. Sisi wenye dini zetu hatuombi nyota wala hatuchomi udi kwa Dada wa Saba, yaani huyo Zhinü, lakini hekima haina pasipoti.

Wanangu, kisa hiki mnakijua, ila kuna kipande watu wanakiruka. Yule Niulang alimpataje mkewe? Ng'ombe mzee alimwambia wasichana wa mbinguni wanashuka kuoga, aende akafiche nguo za mmoja wao. Akazificha. Msichana akashindwa kuruka kurudi kwao, akabaki, wakaoana, wakazaa mapacha, wa kiume na wa kike. Wasimuliaji hulipita hapo haraka kwa sababu mbele kuna machozi matamu. Mimi nasema wazi kwamba hapo Niulang alikosea, na kupendwa baadaye hakulifuti kosa. Huku ugenini nimeona nguo zikifichwa kwa namna nyingine. Nimemwona binti wa kwetu ambaye pasipoti yake ilifungiwa kabatini na mtu anayemwita mchumba wake. Nimeona simu ikipokonywa, na hesabu za duka zikifichwa ili mwenzake asiweze kuondoka. Kijana, mtu asiye na njia ya kuondoka huwezi kujua kama anakupenda. Mrudishie nguo zake kwanza, ndipo umuulize. Akibaki, peleka barua ya posa.

Na mshenga msimdharau. Wachina wanaye Yue Lao, Mzee wa Chini ya Mwezi, anayefunga miguu ya watu wawili kwa uzi mwekundu tangu wakiwa wachanga. Wanasimulia kwamba zama za wafalme wa Tang kijana mmoja, Wei Gu, alimkuta mzee huyo usiku akisoma kitabu cha ndoa, akaambiwa mkewe ni mtoto wa miaka mitatu aliyebebwa na mama muuza mboga sokoni. Kijana alikasirika, akamtuma mtumishi amchome yule mtoto kisu. Miaka 14 baadaye akaozwa binti wa mkuu mmoja, mzuri, ambaye kila siku alibandika ua dogo katikati ya nyusi. Alipomuuliza sana, akamwonyesha kovu. Wengi wanakisimulia kuonyesha kwamba riziki ya mtu haipotei. Mimi kila nikikisikia namfikiria yule binti, alivyoamka kila asubuhi kufunika kovu ambalo mumewe ndiye aliyeliweka kabla hajamjua. Wangapi wanaingia ndoani hivyo? Ulimcheka kwa sababu ya kwao, kwa sababu mama yake anauza mchicha, leo yuko jikoni kwako. Muombe radhi hata kama imepita miaka 14.

Nimewahi kwenda Zhucun, hapa hapa Tianhe, kuangalia meza za mabibi. Wao hawaiiti siku ya wapenzi. Wanasema Qiqiao, kuomba ustadi wa mikono, na zamani hii ilikuwa siku ya wasichana kutunga uzi kwenye sindano chini ya mwezi. Mezani nilikuta viatu vya hariri vidogo kuliko kucha yangu, na mapambo yaliyobandikwa ufuta punje moja moja. Bibi mmoja alinionyesha vidole vyake, vimepinda. Hatukuelewana hata neno, lakini alinishika mkono nikakaa naye karibu saa nzima. Tangu siku ile, maua ya yuan 15 siyaoni kama ndiyo sikukuu. Mapenzi nimeyaona yanafanana zaidi na ile kazi ya ufuta.

Kisha kuna wale ndege, na hapa mnivumilie, maana jambo hili linanigusa. Wale wa jamii ya kunguru, weusi wenye tumbo jeupe, ambao leo usiku wanapanda wote juu kujenga daraja kwa migongo yao ili Zhinü na Niulang wavuke mto wakutane. Wazee wa huku wanasema baada ya Qixi utawakuta vichwa vimenyonyoka manyoya kwa kukanyagwa. Mwaka 2018 China iliporusha chombo cha kupitishia mawasiliano kutoka upande wa mwezi tusiouona, ilikiita Queqiao, daraja la ndege hao. Wamewakumbuka hata huko juu. Je, sisi tunawakumbuka wetu? Bibi anayelea wanao wawili Mbagala ili wewe na mwenzio muweze kuchakarika huku na huko. Shemeji anayekwenda bandarini kufuatilia kontena lako bila kukudai hata nauli ya daladala. Mshenga aliyetukanwa na pande zote mbili mpaka mahari ikakubalika. Ndoa zetu za mbali zinapita juu ya vichwa vya watu. Leo kabla hujamtumia mpenzi wako picha ya ua, mpigie mmoja wa hao. Mtumie na chochote.

Mimi nilikuwa nataka kuishia hapo, na miaka mingine ningeishia hapo. Lakini wengi mlinitumia rambirambi mwezi wa pili na sikuwajibu, na nadhani mnanidai maneno kidogo.

Mzee wangu, baba watoto, alikulia kwenye majahazi Bagamoyo, nyota alizijua kwa kuzitumia. Nilipomsimulia kisa cha Qixi mara ya kwanza alicheka, akatoka barazani, akaniambia kwenye simu: ninawaona, wote wawili, upande wa kaskazini, na mume, Niulang, ana watoto wake ubavuni, nyota mbili ndogo. Mapacha waliobebwa kwenye mzega, huku mmoja huku mmoja. Mimi hapa Guangzhou kwa taa na mawingu sijawahi kuwaona hata siku moja. Kwa hiyo ikawa desturi yetu, kila Qixi saa tatu usiku ya Dar, ambayo kwangu ni saa nane, yeye anatazama na mimi nasikiliza.

Desemba nilipaswa kwenda. Nikasema nimalize mzigo kwanza, viwanda vinafunga kwa Mwaka Mpya, nitakuja Ramadhani. Wiki mbili kabla ya Ramadhani akatangulia. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshakauka. Eda nimeimaliza mwishoni mwa Juni, nimerudi kazini Julai, kwa sababu ada za watoto haziangalii msiba.

Nimesoma kwamba nyota ya Zhinü, ile Vega, iko mbali kiasi kwamba mwanga wake unasafiri miaka 25 kutufikia. Tulioana mwaka 2000.

Ndiyo maana leo nasema kwa sauti. Kila mwaka tunawasifu hawa wawili kwa subira, tunawatumia wapenzi wetu maneno ya subira. Lakini wao walilazimishwa. Malkia Mama wa mbinguni alichomoa pini ya dhahabu nyweleni, akachora mstari, mto ukamwagika katikati yao, na yule baba alikimbia na mzega begani mpaka ukingoni na hakuweza kuvuka. Angeweza angevuka siku hiyo hiyo. Na wewe ndugu yangu, nani amekuchorea mto? Mimi wangu niliuchora mwenyewe, kwa kalamu ya risiti. Kontena moja tena, msimu mmoja tena. Mwenye nauli na avuke. Asiye na nauli apige simu leo, aongee na mwenzake kwa urefu, amwambie yale mazito anayoyaweka ya kuja kusema siku akifika. Wachumba msirefushe uchumba kwa kungoja ukumbi mkubwa. Kadhi hadai ukumbi, wala padri. Wazazi nanyi shusheni mahari, msiwe nyinyi wenye kushika pini.

Basi narudia, Qixi njema. Mungu awazidishie mapenzi, afya na riziki ya halali, awalinde wasafiri wa angani na majini, na mizigo ifike salama. Jumapili pilau iko kwangu, kina mama wa kusaidia kumenya vitunguu waje mapema.

Leo saa nane ya usiku sitalala. Kijana wangu wa kwanza kasema atatoka barazani badala ya baba yake, ila hazijui nyota, nitamwelekeza kwa simu. Ameniuliza aanze kuangalia wapi. Nimemwambia akae kwenye kiti kile kile, aelekee kaskazini.